Maji Yanayong'aa: shajara ya mradi wa nukta za kaboni na mwaka wa kwanza, Mbeya

18 Novemba 2024: Tunaanza

Ninafundisha vifaa vya uhandisi kwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Mbeya mjini. Shajara hii naiandika ili mwalimu mwingine, awe Iringa, Njombe au Sumbawanga, auchukue mradi huu bila kurudia makosa yetu. Kila hatua ikikamilika nitaongeza sehemu yake.

Kila mwaka nikifika kwenye kaboni huanza na almasi na grafiti, kisha naingia kwenye familia ndogo zaidi: fulerini, mpira wa atomi 60 waliougundua Kroto, Curl na Smalley mwaka 1985, neli za kaboni alizozieleza Iijima mwaka 1991, na grafini, ambayo Geim na Novoselov waliibandua kutoka kwenye grafiti kwa utepe wa gundi mwaka 2004. Wanafunzi huandika majina na miaka, hujibu mtihani, basi. Mwaka jana mmoja alininyooshea mkono: "Mwalimu, sisi hivi vitu tutaviona wapi?" Sikuwa na jibu, na swali hilo limenikaa moyoni mwaka mzima.

Jibu langu la mwaka huu ni nukta za kaboni. Ni chembe zisizozidi nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na ziligunduliwa kwa bahati mwaka huohuo wa 2004, watafiti wakiwa wanasafisha neli za kaboni. Katika ukoo huo wote, hizi ndizo ambazo mtu anaweza kuziona kazini kwa tochi tu, maana zikipigwa na miale ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, hung'aa. Ndiyo maana watafiti wa tiba wanazifuatilia: huingizwa kwenye seli ili seli ionekane vizuri chini ya hadubini, hujaribiwa kubeba dawa, na mwanga wake ukififia huweza kuonyesha kuwa kuna madini fulani kwenye maji. Hapa Mbeya tuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kinachofanya utafiti wa kifua kikuu na UKIMWI. Kazi za namna hiyo zinahitaji vipimo, na vipimo lazima viwe na mtu aliyevisanifu. Nataka vijana wangu wajue hilo mapema, kabla hawajaamini kwamba uhandisi ni madaraja na nguzo za umeme peke yake.

Ili wapate picha ya ukubwa, nilileta maharage darasani. Unywele una unene wa nanomita 80,000 hivi. Nukta ya nanomita 5 ikikuzwa hadi iwe punje ya haragwe ya sentimita moja, basi unywele ule utakuwa na unene wa mita 160. Darasa lilikaa kimya, kisha wakaanza kupiga hesabu wenyewe kuhakikisha.

Wanafunzi ni 54, makundi 9. Sheria ni mbili. Ya kwanza, hatugusi damu wala kitu chochote kilichotoka kwa mgonjwa. Ya pili, hakuna unga mkavu: tutakachotengeneza kikishaingia kwenye maji kitabaki kwenye maji. Nimewaeleza sababu. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba neli ndefu za kaboni zikiingizwa tumboni mwa panya huleta madhara yanayofanana na ya asbesto, na mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina moja ya neli hizo katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Nukta si neli. Lakini mazoea ya mikono hujengwa mwaka wa kwanza, na mtu akishazoea kupuliza unga mezani hutamtoa.

25 Novemba: Kokwa za parachichi, na mlima uliotushinda

Tulianza na mbegu za parachichi kwa sababu zipo bure. Wauza juisi wa Mwanjelwa walitupa ndoo nzima ya kokwa za parachichi za Rungwe. Maandishi mengi ya utafiti yanasema chemsha majani, matunda au mbegu kwenye chombo kilichofungwa, nyuzi 180 hadi 200, kwa saa kadhaa. Sisi hatuna chombo hicho. Nilileta sufuria ya presha kutoka nyumbani, tukachemsha kwa saa tano.

Tulipata mchuzi wa rangi ya kahawia wenye mng'ao hafifu sana wa kijani, na hata huo sikuweza kuusemea, kwa kuwa kokwa lenyewe lina viambata vyake vyenye rangi.

Kosa lilikuwa joto. Mbeya mjini ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yakiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hapa, siyo 100. Sufuria ya presha huongeza mgandamizo juu ya ule wa hewa ya mahali ulipo, na hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo hata ikipiga filimbi hadi mwisho haifiki nyuzi 120. Tulikuwa nyuzi 60 na zaidi chini ya mahitaji, na hakuna wingi wa saa unaofidia hilo. Kila mama wa huku anajua kwamba maharage ya Uyole hayataki haraka. Mimi nilijua hivyo jikoni nikasahau maabara.

Ukiwa Kyela, kule chini ziwani, utapata nafuu ya nyuzi chache, lakini hazitoshi. Achana na sufuria ya presha.

2 Desemba: Mchanga, sitriki na urea

Njia iliyofanya kazi haina mgandamizo wowote. Asidi ya sitriki tulinunua nusu kilo kwa wauza malighafi za sabuni na juisi, sh 5,000. Urea ni ileile ya kukuzia mahindi, kilo moja sh 2,500. Gramu 3 za kila kimoja ziyeyushwe kwenye mililita 10 za maji ndani ya bika, kisha bika izikwe nusu kwenye mchanga wa mto uliopashwa moto kwenye sufuria kuukuu. Mchanga hushika joto na kuligawa sawasawa, na bika haiguswi na moto. Maji yakiisha utaona uji mzito, utakuwa wa njano, kisha wa rangi ya chungwa, kisha wa kahawia. Hapo epua. Sisi ilituchukua dakika 25 mchanga ukiwa kati ya nyuzi 170 na 180. Subiri ipoe kabisa ndipo uongeze mililita 50 za maji.

Fanyeni nje au penye upepo wa kutosha. Urea ikipashwa moto hutoa amonia, na makundi mawili yaliyong'ang'ania kukaa ndani yalitoka yanakohoa.

Mambo matatu yalituumiza siku hiyo. Tulizamisha kwenye mchanga kipimajoto cha maabara chenye mwisho wa nyuzi 110, kikapasuka: sh 9,000 zimekwenda. Baadaye tukanunua malitimita yenye waya wa kupima joto, sh 45,000, ile wanayotumia mafundi friji, na imetutumikia tangu hapo. Kundi moja liliondoka kwenda kunywa chai, likarudi likakuta mkaa mweusi usioyeyuka. La tatu ndilo lililonifurahisha kulifundisha. Makundi yote yalidhani maji mazito ndiyo yatang'aa zaidi. Wakayamulika yakiwa na rangi ya kahawa, yakakaa giza tupu. Nyuso zikaanguka. Fundi sanifu wetu wa maabara, mzee ambaye wanafunzi wote humwita Baba, alichukua tone moja akalitia kwenye glasi ya maji. Likawaka buluu yenye ukijani hadi wakapiga kelele. Yakiwa mazito, maji hayo hujimezea mwanga wake yenyewe. Zimueni hadi rangi ya chai nyepesi sana.

9 Desemba: Kila kitu kinang'aa

Hii ndiyo siku iliyobadilisha mradi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Makundi yote 9 yalileta ripoti. Zote ziliandika "tumefanikiwa". Picha zilikuwa nzuri: chupa za buluu kwenye giza. Nikamwambia msichana mmoja wa kundi la nne, anayesoma uhandisi wa ujenzi, anionyeshe tena. Alipanga chupa zake tano kwa ukamilifu. Ya tano alikuwa ameisahau, ilikuwa ina maji ya bomba tu aliyosuuzia. Akawasha tochi. Ya tano nayo ikang'aa buluu.

Akaniangalia. "Mwalimu, hii haina kitu."

Tulimulika kila kilichokuwa mezani. Chupa tupu: zinang'aa. Karatasi nyeupe ya ofisini tuliyochujia: inang'aa kuliko sampuli. Mashati meupe ya wanafunzi: yanang'aa. Meza yenyewe ilikuwa na mikwaruzo ya buluu. Nilihisi tumbo limenishuka, kwa maana nilikuwa nimewapigia wakuu wa idara picha za zile chupa.

Sababu ilikuwa sabuni ya unga. Tulizioshea chupa sabuni ya kufulia, na sabuni hizo huwekewa viambata vinavyomeza urujuanimno na kutoa buluu, ndiyo siri ya nguo nyeupe kuonekana nyeupe zaidi. Karatasi za ofisini nazo hutiwa viambata vya aina hiyohiyo. Tulikuwa tumetengeneza kitu kinachong'aa buluu, tukakiweka kwenye chombo kinachong'aa buluu, tukakichuja kwa karatasi inayong'aa buluu.

Marekebisho:

Chupa huoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya kipande isiyo na rangi, kisha husuuzwa mara tano, mara mbili za mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri (lita 5, sh 6,000, soma lebo, usije ukapewa asidi). Kila kitakachogusa sampuli hupita kwanza chini ya tochi kikiwa kikavu na kitupu. Karatasi ya kuchujia ni ya maabara, nayo hukaguliwa. Na kila kundi lina chupa tunayoiita shahidi: imeoshwa kama nyingine, imechujwa kama nyingine, ina kila kitu isipokuwa kile tunachodai kukitengeneza. Tulitengeneza mashahidi watatu: maji matupu, sitriki na urea zilizochanganywa bila kupashwa moto, na urea peke yake. Zikilala giza zote tatu ndipo tunasikiliza maneno ya chupa ya nne.

Zililala giza. Chupa ya nne iliwaka. Lakini nilirudisha ripoti zote tisa, na nimebadilisha ugawaji wa alama: 40 kati ya 100 sasa ni za mashahidi.

13 Januari 2025: Tochi na simu

Tumerudi kutoka likizo. Chupa zilizofungiwa kabatini gizani bado zinawaka kama zilivyokuwa. Zilizobaki dirishani zimefifia.

Tochi ya kwanza, sh 7,000, ilikuwa ya nanomita 395. Inamwaga mwanga mwingi wa zambarau unaoonekana kwa macho, kwa hiyo kila kitu kinapata ububuluu hata kama haking'ai. Tuliibadilisha kwa ya nanomita 365, sh 38,000. Ni ghali, lakini usijaribu kuanza bila hiyo. Miwani ya kinga ni lazima, na tochi haielekezwi kwa mtu.

Kisha kipimo. Nilitaka namba, maana "inang'aa sana" siyo namba. Wanafunzi wa umeme walijenga sanduku la giza kwa mbao za plywood na rangi nyeusi (sh 28,000 kwa yote): tochi ubavuni, simu mbele, chupa katikati kwenye tundu lisilotikisika. Unapiga picha, programu ya simu inakusomea mwanga kati ya 0 na 255.

Siku ya kwanza chupa kali na chupa iliyozimuliwa mara nne zilitoa karibu namba ileile. Walibishana saa nzima kama zimechanganywa. Kumbe ni simu: kamera inayojipanga yenyewe ikiona giza hufungua zaidi, ikiona mwanga hufunga. Ilikuwa inatusawazishia kila kitu kwa wema. Tulihamia kwenye mpangilio wa mkono, tukafunga muda, unyeti na rangi, tukaviandika kwa kalamu juu ya sanduku ili asije mtu akavigusa. Namba zikaachana hapohapo. Maji matupu ndani ya sanduku yanasoma 12. Hicho ndicho kimo chetu cha sifuri.

27 Januari: Chuma

Chuma chenye chaji tatu hufifisha nukta za kaboni, na vipimo vingi vya utafiti vimejengwa juu ya hilo. Tulinunua vidonge vya kuongeza damu duka la dawa: feri salfeti miligramu 200, ambamo chuma chenyewe ni miligramu 65 hivi. Kidonge kimoja kwa lita moja, na siki kidogo ili chuma kisigande.

Tulikosea mara tatu. Ganda la kidonge lina rangi, na rangi ile pekee ilizima mwanga. Sasa tunalisugua hadi kidonge kibaki cheupe ndani. Kisha chuma cha kidonge ni cha chaji mbili, siyo tatu, na mwanga haukushuka ilivyotarajiwa. Kijana mmoja wa mitambo ndiye aliyekumbuka kemia ya kidato cha tano: tukadondosha haidrojeni peroksaidi ya kuoshea vidonda, maji yakageuka ya njano, na mwanga ukaporomoka. Vidonge na peroksaidi kwa pamoja sh 6,000. Kosa la tatu ni siki. Asidi nayo hugusa mng'ao, kwa hiyo shahidi mpya akaongezeka: maji yanayong'aa yenye siki na peroksaidi vilevile, bila kidonge.

Namba bora tulizopata: shahidi 182, chupa yenye chuma kingi kuliko zote 97, na katikati mteremko unaopungua hatua kwa hatua. Walichora mchoro kwa mkono. Nilikataa kompyuta siku hiyo. Nilitaka wauhisi mteremko kwenye kalamu.

10 Februari: Kivuli

Nilipotaka kufunga sehemu ya chuma, Baba aliuliza: "Maji ya njano yakikaa mbele ya tochi, tochi si itapungua yenyewe?"

Ni swali zito, na nilipaswa kuliuliza mimi. Chuma cha njano humeza urujuanimno. Huenda hakizimi nukta hata kidogo. Huenda kinaziba mwanga usizifikie. Kwa mtu anayetengeneza kipimo cha hospitali tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu kimiminika chochote cha njano kingeonekana kuwa kina chuma. Mkojo ni wa njano.

Tulipima hivi: chupa ing'aayo isiyo na chuma mahali pake, na chupa ya maji ya chuma peke yake kati yake na tochi. Hazijachanganyika, kwa hiyo chuma hakiwezi kufanya kitu ila kivuli. Kwanza tuliweka hapo chupa ya siki na peroksaidi, tukairekebishia tochi umbali hadi isome 182 tena. Kisha ya chuma. Ikasoma 151.

Kwa hiyo katika anguko la namba 85, namba 31 ni kivuli, zaidi kidogo ya theluthi. Ni makadirio, maana njia ya mwanga katika chupa mbili hailingani kabisa na ya chupa moja. Lakini kilichobaki kinaashiria kwamba chuma kinagusana na kinachong'aa. Makundi yote yamechora mteremko wa pili, uliotolewa kivuli. Niliona mwanafunzi akifuta namba yake nzuri na kuandika ndogo zaidi bila kulazimishwa, na nilitoka nje kidogo nikavute pumzi.

24 Februari: Je, ni nukta?

Swali la mwisho lilitoka kwa yule msichana wa chupa ya tano. "Mwalimu, tunajua inang'aa. Tunajuaje kwamba ni chembe?"

Sitriki na urea zikipashwa moto pamoja hutoa pia molekuli ndogo zinazong'aa zenyewe, asidi ya sitrazini ikiwa mojawapo. Hizo ni rangi ya kawaida iliyoyeyuka, siyo chembe ya kaboni, na watafiti wenyewe wanasumbuka kuzitenganisha. Njia ni kuyatia maji kwenye mfuko wenye vitundu vidogo sana: molekuli hutoka nje, chembe kubwa hubaki.

Jaribio la kwanza tulitumia selofeni ya kufungia maua, sh 4,000. Siku mbili, hakuna kilichopita. Inaitwa selofeni dukani lakini ni plastiki tupu. Shule moja ya sekondari ya jirani ikatuazima neli ya visking, utando wenye vitundu vya namna hiyo, wanayofundishia osmosisi kidato cha tano na sita. Bila gharama, na nawashukuru.

Mililita 10 ndani, mililita 500 za maji yaliyotoneshwa nje, saa 48, maji ya nje yakibadilishwa mara nne. Mara ya kwanza tu maji ya nje yaliwaka gizani ubuluu mtupu. Mwisho wa saa 48 mfuko ulisoma 31. Kumbuka maji matupu ni 12.

Yaani sehemu kubwa ya kile tulichokishangilia tangu Desemba imepita vitunduni. Ukutani mwa visking hupita vitu vya chini ya Dalton 12,000 hadi 14,000 hivi (Dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), na nukta ndogo sana zingeweza kupita nazo, kwa hiyo hata hili halithibitishi kwamba zote zilikuwa rangi. Kilichobaki mfukoni ni kidogo, lakini kipo, na shahidi wa sitriki na urea zisizopashwa moto alisoma 12 baada ya kupita njia hiyohiyo.

Darasa lilijadili lebo. Chupa 40 (sh 800 kila moja) zilikuwa zimeandikwa "Nukta za Kaboni". Walipiga kura. Lebo mpya za chupa 36 zinasema: "Maji yanayong'aa, sitriki + urea, nyuzi 180". Nne zilizotoka mfukoni zimeandikwa: "Kilichobaki ndani ya visking". Tunatafuta hadubini ya elektroni itakayokubali kuziangalia hizo nne.

Gharama hadi leo: sh 182,500. Kati yake sh 20,000 zilipotea: tochi ya 395, kipimajoto na selofeni. Chupa zote zipo kabati la chini, gizani, ufunguo anao Baba.